Kaka katuma pesa ya AC, umeme nitalipa mimi

BARUA

Shangazi, asalaam aleikum na shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Tunaishi Ngamiani, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba: mimi, wanangu wawili, na mama yetu mwenye miaka 73. Mume tuliachana zamani na kwa heri, hilo silo lililonileta. Tumezaliwa watatu. Kaka mkubwa yuko Maskati mwaka wa kumi na mbili sasa, mimi ndiye wa kati, na mdogo wetu wa kiume yuko Dar es Salaam anahangaika na maisha yake.

Kaka ni mtu wa kheri, nalisema hili mapema usije ukanidhania nina husuda. Dawa za presha za mama anazituma yeye. Idd haipiti bila mkono wake, na wanangu wakifungua shule sare na madaftari anayajua yeye. Kwangu mimi kuna chakula, maji, LUKU ya umeme, na kumwangalia mama usiku na mchana. Hatukuwahi kukaa tukagawana hivyo, imejipanga yenyewe tu.

Sasa kisa. Usiku mmoja kaka alipiga simu ya video. Upepo ulikuwa umekufa kabisa, jani halitikisiki, na mama alikuwa barazani na khanga aliyoilowesha maji mabegani, anajipepea kwa kipepeo cha ukili. Kaka alimtazama akanyamaza, halafu akasema, "Mama, mimi siwezi kulala kwenye AC na wewe ukae hivyo." Kesho yake akatangaza kwenye kundi la familia kwamba anamwekea mama kiyoyozi. Mashangazi wakamwagia dua, mdogo wetu akaweka makofi, na binamu zetu wa Pangani wakauliza lini waje kupunga baridi. Pesa ikaanza kuingia kwenye simu yangu kwa mafungu mpaka ikatimia milioni mbili na nusu.

Kaka anataka mashine ya BTU 18,000, ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza, na anataka ikae sebuleni. Atakuja mwezi wa Shaabani na wifi na watoto wao watatu wafunge Ramadhani pamoja nasi. Watoto wale wamezaliwa kulekule. Safari iliyopita mdogo wao alitoka harara mwili mzima, na siku ya tatu wifi akawabeba wote wakahamia nyumba ya wageni. Mama alilia, ingawa mbele yao alicheka.

Nikamwita fundi AC. Aliingia sebuleni, akawasha tochi ya simu na kuielekeza juu. Shangazi, nyumba yetu ni ya zamani, haina dari. Kuta zinaishia usawa wa boriti, juu ni mabati matupu, na ukiwa sebuleni unamsikia mama akikoroma chumbani kwake. Fundi akazima tochi, akaniambia, "Mwalimu, baridi itapita hapo juu itoke, wewe utabaki na bili." Akaniandikia: mashine 1,750,000, ufundi 300,000, na bomba la shaba likizidi mita tatu kila mita ina bei yake. Akanishauri nimwite fundi umeme kwanza. Naye kaja, kafungua swichi ya maini, kanionyesha waya wa tangu enzi za baba, ganda lake linavunjika ukiligusa kwa kucha. Anasema AC lazima ivutiwe laini yake peke yake. Seremala wa dari anataka 950,000 kwa sebule tu. Ukijumlisha yote, milioni tatu imepita.

Hayo bado ni ya kufunga. Mwalimu mwenzangu mwenye AC ananiambia miezi ya joto anatia LUKU ya elfu tisini. Sisi tunatia ya elfu kumi mwezi unakwisha. Mshahara wangu una makato ya mkopo, hiyo elfu themanini ya juu sijui nitaikata kwenye nini.

Nimewaza kumwambia kaka ukweli, lakini naona nitaonekana sina shukrani, au simtakii mama raha. Tena keshatangaza. Nimewaza pesa ile ile niweke dari nyumba nzima, feni za juu na tangi la maji, maana maji yanatusumbua kuliko joto. Nimewaza pia nifunge tu mashine, liwalo na liwe. Nilipomgusia mama alinijibu neno moja, "Mwache mwenzio atimize nia yake." Sikuelewa kama anaitaka au anamstahi mwanawe.

Kaka ananiuliza kila Ijumaa fundi kafikia wapi, nami namjibu bado yuko kwenye kazi nyingine. Nifanyeje?

Mwalimu wa Ngamiani


JIBU

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu.

Nianze kwa kuangalia kama nimekuelewa. Kaka yako katoa zawadi mbele ya ukoo mzima. Zawadi ina gharama tatu: ya kununua, ya kuifanya nyumba iweze kuipokea, na ya kuilisha umeme kila siku. Ya kwanza kailipa yeye. Ya pili hakuijua. Ya tatu imekuangukia wewe, na hakuna aliyekuuliza. Sasa umeshika pesa mkononi, muda wa wageni unakaribia, na kila Ijumaa unatoa udhuru. Katikati ya nyinyi wawili yumo mama, ambaye kila mmoja wenu anamsemea.

Hesabu zako za umeme nimezirudia, maana hapo pana jambo ambalo pengine hujaambiwa. Mnatia elfu kumi kwa sababu mko kwenye kundi la matumizi madogo ya nyumbani, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi. Kwenye kundi hilo uniti ni shilingi 100, na ukiweka VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika 122. Uniti 70 ni kama 8,540, ongeza kodi ya jengo ya 1,500 inayokatwa humo humo kwenye LUKU, unaiona elfu kumi yenu. Kundi la kawaida uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi, ambayo mlipaji anaiona kama 356. Ndiyo maana mwenzako wa kundi hilo akitia elfu moja anapata uniti mbili na pointi nane, na wewe kwa elfu hiyo hiyo unapata nane.

AC ya BTU 18,000 inakula kama kilowati moja na nusu au zaidi kidogo kompresa inapozunguka. Ikiwashwa saa nane kwa siku, kwa kupumzika kwake humo katikati, weka uniti tisa. Kwa mwezi ni 270, yaani elfu tisini na sita kwa bei ya kawaida. Huyo mwalimu mwenzako hakutia chumvi. Ila tazama na hili: mkizidi uniti 75, za juu zinaanza kuhesabiwa kwa bei kali zaidi, na mkiendelea hivyo mnahamishiwa kundi la kawaida. Hapo friji, taa na televisheni zilizokuwa zikila 8,540 zitakula karibu elfu ishirini na tano, na hamjaongeza hata balbu. Kurudishwa kundi la chini joto likipita ni jambo la kwenda ofisini kuomba. Kwa hiyo elfu themanini ya juu uliyoihofia ni ndogo, mie naiona inapita laki.

Nimekuandikia haya si kukutisha. Nimeyaandika kwa sababu ndiyo maneno ambayo kaka yako hajayasikia. Wewe unaogopa kuonekana huna shukrani, lakini kwenye barua yako yote sijaona mahali ulipompa hata tarakimu moja. Yeye yuko nchi ambayo joto la Juni linapita nyuzi 40 na kiyoyozi ni kama mlango, nyumba haihesabiki nyumba bila hicho. Wengi walio huko nyumba ni ya mwajiri na umeme ni wa mwajiri. Je, kaka yako amewahi kulipa bili ya AC kwa mkono wake? Huenda ndiyo, huenda hapana. Na je, anajua kwamba LUKU ya hapo nyumbani ni yako? Umesema ugawaji wenu ulijipanga wenyewe. Mambo yaliyojipanga yenyewe mara nyingi anayajua yule tu anayeyabeba.

Nikuulize na la pili. Umesema kaka anataka mashine ikae sebuleni ilhali anayeteseka ni mama, na nahisi hapo moyo wako umesema, "Basi si ya mama hiyo, ni ya wifi na wanawe." Huenda. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba mama alilia wajukuu walipohama siku ya tatu. Mtu mwenye miaka 73 anaweza kuivumilia baraza na khanga mbichi kwa miaka mingine, na bado akatamani kuwaona wajukuu zake wamelala chini ya paa lake Ramadhani nzima. "Mwache mwenzio atimize nia yake" linaweza kuwa na maana hiyo. Linaweza pia kuwa na maana ya kumstahi mwana, au ya mtu asiyetaka watoto wake wagombane juu ya kichwa chake. Mimi sijui ipi, na wewe umekiri hujui. Ulimgusia. Hujamuuliza.

Ukimuuliza, usimuulize "Mama, unataka AC?" Hapo atakujibu kwa adabu. Muulize usiku unamsumbuaje. Anaamka mara ngapi? Ni joto, au ni chandarua kinachozuia upepo, au anafunga madirisha kwa kuogopa vibaka? Analala kitanda gani, bati liko umbali gani na kichwa chake? Nakuuliza haya kwa sababu nyumba za mwambao zisizo na dari zina tabia ya pande mbili. Mchana bati linachemka na kumwaga joto moja kwa moja kwa aliye chini. Usiku hewa inapita juu ya kuta na kwenye matundu, nyumba inapoa. Baba yenu na mafundi wa wakati ule hawakuwa wajinga.

Ukitaka AC ifanye kazi, lazima uyazibe hayo yote. Uweke dari, uzibe matundu, ufunge madirisha. Umeme ukikatika saa saba usiku, mama atakuwa ndani ya kisanduku kisicho na upepo. Fundi hakukwambia hilo, na si kazi yake kukwambia. Wala sisemi lisifanyike, kuna nyumba ngapi Tanga zimefanya hivyo na watu wanalala. Ninachosema ni kwamba mtakuwa mmeibadili nyumba yenyewe, na nyumba hiyo ni ya urithi. Mama ana thumni yake humo, na mdogo wenu wa Dar aliyeweka makofi ana fungu lake. AC inaweza kung'olewa ikahamishwa. Dari inabaki.

Tuje kwenye zile njia zako tatu.

Ile ya kuchukua pesa ukajengee dari na tangi naielewa, na kwa akili ya matumizi huenda ni nzuri kuliko zote. Dari chini ya bati peke yake inapunguza joto la mchana kwa kiasi ambacho mama atakisikia siku ya kwanza. Ukipaka bati rangi nyeupe juu, unazidisha. Feni ya dari inakula wati sitini au sabini, usiku mzima haimalizi uniti moja. Wataalamu wa afya wanaonya juu ya feni pale hewa inapopita nyuzi 40, kwa kuwa hapo feni inakupulizia moto. Tanga joto letu ni la nyuzi thelathini na kitu na unyevu mwingi, feni bado inasaidia jasho likauke. Nyavu za madirisha zilizokaza vizuri zinaweza hata kumfanya mama alale madirisha wazi. Tahadhari yake ni ndogo: mko uniti 70, feni mpya mbili zinaweza kuwavusha 75, kwa hiyo hata hapo uchunge.

Lakini pesa ile imekuja kwa jina la AC, na iko kwako kama amana. Ukiigeuza bila kauli yake, hata dari iwe nzuri vipi, kila atakayeingia sebuleni ataangalia ukutani na kuuliza mashine iko wapi. Kaka ataingia na watoto Shaabani akute tangi la maji. Nia yako njema itageuka kesi. Na tuambiane ukweli kidogo, mwanangu: tangi umeliweka humo kwa sababu maji yanakusumbua wewe unayeyateka. Ni haja ya haki kabisa. Basi iombe kwa jina lake, isijifiche nyuma ya joto la mama.

Ile ya kufunga tu liwalo na liwe ina amani ya haraka. Kaka atafurahi, kundi la familia litashangilia. Halafu watasafiri. Miezi ikipita mashine itakuwa ukutani, mama anaona haya kuiwasha kwa sababu anakuona unavyohesabu, na wewe unaona haya kumkataza. Nimepokea barua za namna hiyo: kiyoyozi kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kinawashwa wageni wakija. Sisemi kwenu itakuwa hivyo, ila uiwaze.

Ya kumwambia kaka ndiyo unayoiogopa kuliko zote, nami siwezi kukuahidi atalipokeaje. Unamjua wewe. Ninachoweza kukwambia ni namna. Usiandike kwenye kundi. Kule katangaza, na mtu aliyetangaza mbele za watu ukimsahihisha mbele za watu atajitetea. Mtumie ujumbe wa sauti peke yake, au mpigie saa ambazo hayuko kazini. Anza na ile picha ya mama na khanga, mwambie na wewe unaiona kila usiku. Kisha mpe makaratasi. Piga picha boriti na bati, piga picha ule waya unaovunjika, mpe bei za mafundi watatu jinsi zilivyo, mpe na hesabu ya LUKU. Mwache azisome. Usimalize kwa "kwa hiyo haiwezekani". Muulize, "Kaka, tufanyeje?" Kaka mkubwa akiulizwa tufanyeje huwa tofauti na kaka aliyeambiwa hapana.

Huenda akasema LUKU ya AC ataituma yeye kila mwezi. Ni jibu la heri, na likija ulipokee, ila ulizeni pamoja maswali mawili. Mwezi atakaokosa, mtazima bila lawama? Kazi za Ghuba ni za mkataba, na mkataba una mwisho. Na pesa hiyo ikija, itakuwa ya AC peke yake, au itaanza kuzitafuna zile za dawa za mama? Kama mnaogopa ubishi, fundi umeme anaweza kufunga mita ndogo kwenye laini ya AC ili ijulikane imekula uniti ngapi. Wengine wanaona ni kuhesabiana ndugu kwa ndugu. Wengine wanaona ndiyo inayowaepusha kuhesabiana. Nyinyi mnajuana.

Huenda pia akakubali mashine ndogo. Chumba cha futi kumi na mbili kwa kumi na mbili kinatoshwa na BTU 9,000. Ikiwa ya inveta, ile inayopunguza kasi yenyewe chumba kikipoa, ikawekwa nyuzi 26 na feni ikizunguka taratibu, usiku mmoja inaweza kula uniti tatu hivi. Kwa mwezi ni tisini. Pamoja na matumizi yenu mengine hapo mko kama elfu hamsini na saba kwa bei ya kawaida. Bado ni zaidi ya mara tano ya mnayotia sasa, silifichi hilo. Lakini dari ya chumba kimoja si bei ya dari ya sebule, na pesa aliyotuma inaweza kufunika mashine, laini mpya ya umeme na dari hiyo bila kuongeza. Tena joto letu kali ni Desemba mpaka Machi. Masika yakishika, na kipupwe kikiingia, mashine inaweza kupumzika miezi. Hasara yake ni moja: sebule itabaki na joto lake, na wajukuu watalala wapi? Wote chumbani kwa bibi? Huenda bibi ndiko anakotaka. Huenda wifi asitake. Hilo nalo ni la kuulizwa, na wifi anaulizika kwa simu.

Kama mtafika kwenye kufunga, saizi yoyote, nakuomba uwe mkali kwa fundi. Laini ya AC itoke swichi ya maini na breka yake, kwa waya wa saizi atakayoisema fundi umeme kulingana na mashine, na hili usilipunguze hata kama fundi AC atakwambia inaweza kupachikwa kwenye soketi iliyopo. Waya ulionieleza, wa ganda kuvunjika kwa kucha, unahitaji kubadilishwa hata msipoweka AC. Hapo ndipo ningepeleka shilingi ya kwanza. Muulize fundi kama ana pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi. Wako wanaopuliza gesi kidogo tu na kusema hewa imetoka; kompresa inakufa mapema. Weka kifaa cha kulinda umeme unapopanda na kushuka. Ile mashine ya nje isielekezwe dirisha la jirani, Ngamiani nyumba zimekaribiana na inapuliza moto, utamhamishia mwenzio joto lako. Chumvi ya bahari inaila, ioshwe mara kwa mara. Vichujio vya ndani navyo vioshwe kila mwezi, vikijaa vumbi ndipo watu wanapoanza kusema AC imewaletea kifua. Na akija mtu kila mwaka kukwambia gesi imeisha, mwambie atafute inapovuja kwanza. Gesi ile inazunguka humo humo, haipungui kama bomba ni zima.

La mama na presha nisilipite. Mtu mzima mwenye presha joto linamwelemea kuliko sisi, na baadhi ya dawa za presha zinaongeza mkojo, kwa hiyo maji mwilini yanapungua upesi. Siku ya kliniki mwambie daktari jinsi mama anavyolala na umwonyeshe dawa zake. Akikwambia hali yake inahitaji ubaridi, basi mazungumzo yenu na kaka yatabadilika, hata wewe hesabu zako utaziangalia vingine. Akikwambia feni, maji ya kutosha na chumba chenye hewa vinatosha, nalo ni neno la kumpelekea kaka, tena lina uzito kuliko langu na lako.

Mwanangu, jambo moja nimelisoma katikati ya mistari na nisingependa tuachane bila kuligusa. Umeandika kwamba kaka anajulikana kwa Idd, kwa dawa, kwa sare. Vyako ni chakula, maji, LUKU, usiku na mchana, na hivyo havitangazwi kwenye kundi wala havipigiwi makofi. Kama kuna uchungu hapo, sikulaumu. Lakini jiulize kama uchungu huo ni wa AC, au AC imeukuta tu. Ukiupeleka kwa kaka ukiwa umevikwa joho la uniti za umeme, atajibu uniti na uchungu utabaki palepale. Pengine ni wakati wa nyinyi watatu, na huyo wa Dar akiwemo, kukaa mkaandika nani anabeba nini. Shaabani kaka atakuwepo. Yapo ambayo simu haiyawezi.

Ila Ijumaa hii usimwambie tena fundi yuko kwenye kazi nyingine. Mwambie fundi kaja, kapima, na yapo aliyoyaona ambayo unataka muyaangalie pamoja. Hiyo ni kweli, na inakupa siku mbili tatu za kuzungumza na mama kwanza. Nipe habari mlipofikia, na bimkubwa umpe salamu zangu.

Shangazi